Luofu: Anayeanza kutafuta dhahabu mtoni anunue nini kwanza?

LUOFU / BUTEMBO – Karai moja, chekeche, koleo, bidoni mbili na sumaku iliyotolewa katika redio iliyokufa. Kwa mtu wa Luofu, kusini mwa wilaya ya Lubero, anayetaka kujaribu bahati yake katika vijito vya milimani, vifaa hivyo vinatosha kuanza. Vingi vinapatikana katika soko la kawaida, na vingine viko tayari nyumbani.

Lakini wengi huanza upande mwingine. Wanakopa pesa kwa mnunuzi wa dhahabu, wananunua pampu au merkiri, na kabla hawajajua hata kuosha mchanga vizuri wanakuwa na deni shingoni. Wakipata dhahabu kidogo inaenda kwa mkopeshaji. Wakikosa, wanabaki wakimfanyia kazi. Ndiyo maana chaguo la vifaa vya kwanza si jambo dogo. Linaamua kama mtu atajifunza kazi akiwa huru, au ataingia ndani yake akiwa amekwisha kufungwa.

Bei inavutia watu

Sababu ya haraka hiyo inajulikana. Mwezi wa tatu 2025, bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 3,000 kwa wakia moja, yaani gramu 31.1. Mwezi wa kumi mwaka huohuo ikavuka dola 4,000. Kwa hesabu hiyo, gramu 1 ya dhahabu safi kabisa ilikuwa na thamani ya karibu dola 128. Mtu aliyefukuzwa na vita kwenye shamba lake la viazi au maharage akisikia bei kama hiyo, ni rahisi kufikiri kwamba mto utamlipa haraka kuliko udongo.

Kazi yenyewe si ngeni katika eneo hili. Wakati wa ukoloni, kampuni ya Minière des Grands Lacs, MGL, ilichimba dhahabu upande wa Manguredjipa, magharibi mwa Lubero. Kwa muda mrefu raia wa kawaida hakuruhusiwa kugusa madini ya thamani. Mlango ulifunguliwa mwaka 1982, wakati wa Mobutu, sheria iliporuhusu uchimbaji wa mikono. Tangu hapo Butembo imekuwa moja ya miji ambako dhahabu ya vijijini inatafuta mnunuzi.

Ulaya na Amerika kuna watu wanaoosha mchanga wa mtoni kwa burudani, siku za mapumziko, pamoja na watoto wao. Finland iliandaa mashindano ya dunia ya kuosha dhahabu katika kijiji cha Tankavaara mwaka 1977. Huku kwetu hakuna anayekwenda mtoni kwa kucheza. Hata hivyo vifaa vya kuanzia ni vilevile, kwa sababu mto unafanya kazi kwa kanuni ileile kila mahali.

Kanuni ni moja: uzito

Dhahabu ni nzito kuliko karibu kila kitu kinachokaa nayo mtoni. Chukua ujazo sawa wa maji, mchanga na dhahabu. Mchanga wa kawaida una uzito wa mara 2.6 hivi kuliko maji. Ule mchanga mweusi wenye chuma unafika mara 5. Dhahabu safi inafika mara 19.3. Kwa hiyo maji yakitikisa vyote pamoja, dhahabu inashuka chini na mchanga mwepesi unaenda zake.

Hiyo ndiyo inayoeleza mahali pa kutafuta. Maji yanapokuwa na nguvu, yanabeba dhahabu pamoja na mawe. Yanapolegea, kitu kizito kinaanguka kwanza. Basi anayeanza asichimbe katikati ya mkondo mahali popote. Aangalie upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya jiwe kubwa, chini ya maporomoko madogo, kwenye mizizi iliyoshika changarawe, na zaidi ya yote kwenye nyufa za mwamba ulio chini ya mchanga. Mchanga laini wa juu mara nyingi hauna kitu.

Kanuni hiyohiyo inaeleza pia kwa nini kazi ni ngumu. Gramu 1 nzima ya dhahabu, ikikusanywa pamoja, ni kipande kisichofika milimita 4 kila upande. Gramu hiyo inaweza kuwa imetawanyika katika mamia ya ndoo za changarawe. Mtu anayetarajia kuona vipande vinavyong'aa siku ya kwanza atakata tamaa, au atadanganyika na mika na jiwe la manjano linaloitwa pairaiti. Kutofautisha ni rahisi: dhahabu ikigongwa inabonyea na kupanuka, pairaiti inavunjika na kuwa unga. Mika inang'aa juani tu, na kwenye karai inaelea na kuondoka na maji. Dhahabu inabaki na rangi yake hata kivulini.

Karai ndilo shule

Kifaa cha kwanza ni karai. Wanaouza vifaa vya burudani ng'ambo wana karai za plastiki zenye upana wa sentimita 35 hivi, rangi nyeusi, kijani au buluu, zenye ngazi ndogo upande mmoja za kuzuia dhahabu isitoke. Rangi nyeusi inasaidia jicho kuona punje ya manjano. Ngazi zinamsaidia mtu ambaye mkono wake haujazoea.

Asiyepata karai hiyo anaweza kuanza na karai la chuma la fundi wa ujenzi au beseni pana lenye kuta zilizolala. Beseni lenye kuta zilizosimama wima halifai, kwa sababu mchanga mwepesi hauna njia ya kutokea. Lisiwe kubwa mno pia. Karai la sentimita 50 lililojaa mchanga na maji linamchosha mwenye nguvu kabla ya saa sita ya mchana, na mkono uliochoka unamwaga dhahabu.

Karai jipya la chuma linakuja na mafuta ya kiwandani. Mafuta hayo ni adui, kwani punje ndogo za dhahabu zikiguswa na mafuta zinaelea juu ya maji na kwenda. Dawa yake ni kulichoma karai motoni mpaka mafuta yaishe, kisha kuliacha lipoe lenyewe. La plastiki lisichomwe. Lisuguliwe kwa mchanga laini na sabuni, liondoe utelezi. Hata baada ya hapo, tone moja la sabuni ya maji ndani ya karai linasaidia punje nyembamba zizame. Sabuni hiyo iishie kwenye ndoo, isimwagwe mtoni, kwa maana chini kuna mama anayechota maji ya kupika.

Kuosha kwenyewe kuna hatua tatu. Kwanza karai linazamishwa na kutikiswa kwa nguvu kushoto na kulia, ili dhahabu ishuke chini. Pili linainamishwa kidogo, na maji yanaingia na kutoka yakibeba mchanga wa juu. Tatu linarudishwa sawa na kutikiswa tena. Kosa kubwa la wanaoanza ni kurukia hatua ya pili mara nyingi bila kurudi kwenye kutikisa. Hapo ndipo dhahabu inapotoka bila mtu kujua.

Chekeche, koleo na bidoni

Kifaa cha pili ni chekeche, ambalo wengi wanaliita tamisi. Kazi yake ni kuondoa mawe makubwa kabla ya kuosha. Mchanga wenye punje zinazolingana unajipanga haraka kuliko ule uliochanganyika na mawe. Matundu ya sentimita 1 yanatosha kuanzia. La pili lenye matundu ya milimita 2 hivi linasaidia mwishoni. Hakuna ulazima wa kununua: sehemu ya chini ya ndoo ya zamani ikitobolewa kwa msumari uliochomwa moto, chekeche limepatikana. Kabla ya kutupa mawe yaliyobaki juu, yaoshwe na yaangaliwe, maana udongo wa mfinyanzi ulioshika jiwe unaweza kushika dhahabu pia.

Koleo iwe ya mkono mfupi na mdomo wenye ncha, inayoweza kuingia kati ya mawe. Baramina inasaidia kugeuza mawe makubwa, lakini ni nzito, na wawili au watatu wanaweza kuchangia moja. Kwa nyufa za mwamba, kijiko cha zamani na waya mgumu uliopindwa ncha vinafanya kazi ambayo koleo haiwezi.

Bidoni mbili za lita 20, zilizokatwa juu, ni kwa ajili ya kubebea changarawe. Zisijazwe. Changarawe yenye maji katika lita 20 inafika karibu kilo 40, na mgongo ukiumia kazi imekwisha. Nusu ya bidoni inatosha, tena inampa mtu kipimo cha kudumu: anajua kila mara ameosha nusu bidoni ngapi, na amepata nini.

Sumaku, sirinji na chupa

Mwisho wa kuosha, chini ya karai kunabaki mchanga mweusi na, ikiwa bahati ipo, punje chache za manjano. Hapa ndipo wengi wanaona merkiri kama njia ya pekee. Lakini sehemu kubwa ya mchanga huo mweusi unavutwa na sumaku. Spika ya redio iliyokufa inayo sumaku nzuri. Ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishwe juu ya mchanga ulio ndani ya maji, kisha isogezwe juu ya chombo kingine na mfuko uvuliwe. Mchanga unaanguka wenyewe. Uoshwe mara ya pili, kwa sababu punje ndogo za dhahabu hunaswa katikati yake.

Punje zilizobaki zinavutwa na sirinji ya plastiki ya duka la dawa, isiyo na sindano. Sirinji hiyo inachukua nafasi ya chupa ya kunyonya ambayo wazungu wanaoosha kwa burudani wanainunua. Dhahabu inawekwa kwenye chupa ndogo ya plastiki yenye kifuniko kinachokaza. Chupa ya kioo isitumiwe: ikianguka kwenye mawe, kazi ya wiki nzima imerudi mtoni.

Mtihani wa risasi kumi

Kabla ya kwenda mbali na nyumbani, kuna mtihani ambao hauhitaji dhahabu. Wavuvi wa Ziwa Edouard, huko Vitshumbi na Kyavinyonge, hufunga vipande vya risasi kwenye nyavu zao ili zizame. Kipande kimoja kama hicho kikikatwa vipande 10 vidogo kama punje za mtama, na kila kimoja kikibondwa kiwe bapa, mtu amepata walimu kumi.

Vipande hivyo vinachanganywa katika karai lililojaa mchanga, kisha mchanga unaoshwa hadi mwisho juu ya beseni kubwa, ili visipotee. Vikibaki vyote 10, au 9, mkono umeanza kujua kazi. Vikibaki 5, ina maana mtu huyo akienda mtoni leo anaweza kutupa sehemu kubwa ya dhahabu anayoigusa. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu, uzito wake ni mara 11.3 ya maji. Kwa hiyo anayeweza kuishika risasi ndogo, dhahabu ya ukubwa huo haitamkimbia.

Risasi ni sumu ikiingia mwilini. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya zoezi, watoto wasiiguse, na beseni la zoezi lisirudi jikoni. Risasi ya betri ya gari isitafutwe kabisa, kwani ndani yake kuna asidi inayochoma.

Sanduku linakuja baadaye

Mtu akifaulu mtihani na akapata mahali ambapo karai linaonyesha dhahabu kila mara, anaweza kufikiria sanduku la kuoshea. Ni mfereji wa mbao wenye urefu wa meta 1 hadi 1.5 na upana wa sentimita 25 hadi 30. Ndani yake hutandikwa kipande cha zulia au blanketi nzito, na juu yake vijiti vinapigiliwa kukingama. Maji ya kijito yanapita, mchanga unamwagwa kidogo kidogo, na dhahabu inanaswa nyuma ya vijiti na ndani ya nyuzi za zulia.

Siri ya sanduku ni mteremko. Kwa kila meta 1 ya urefu, upande wa juu upande sentimita 8 hivi. Ukizidi, maji yanafagia kila kitu. Ukipungua, mchanga unajaa na kufunika vijiti. Kila baada ya muda mchanga unaotoka mwishoni upimwe kwa karai. Dhahabu ikionekana pale, sanduku linavuja na linahitaji kurekebishwa.

Sanduku linaosha mchanga mara nyingi zaidi ya karai moja, lakini halimfundishi mtu kutafuta. Aliyeliweka mahali pasipo na dhahabu anaosha mchanga mtupu kwa haraka zaidi, basi.

Vitu vya kuacha sokoni

Cha kwanza ni merkiri, yaani zebaki. Inashika dhahabu kwa haraka, hilo ni kweli. Lakini ili kuitenga, wachimbaji wanaichoma, na moshi wake hauonekani wala haunuki. Unaingia kwenye mapafu na kuharibu mishipa ya fahamu na figo. Kwa mama mwenye mimba, unamfikia mtoto aliye tumboni. Mara nyingi kazi hiyo inafanyika jikoni, juu ya jiko la makaa, katika sufuria itakayopikiwa jioni. Inayobaki mtoni inaingia kwa samaki na kurudi mezani.

Dunia ilijifunza jambo hilo kwa uchungu katika mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa unaobeba jina la mji huo ulipitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, ukizitaka nchi kupunguza, na pale inapowezekana kukomesha, matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo wa dhahabu. Kwa mtu anayeosha mchanga wa mtoni, ambako punje tayari zimetengana na mwamba, karai na sumaku vinaweza kufanya kazi hiyo polepole bila kumwachia mtoto wake ugonjwa.

Cha pili ni mashine ya kutambua vyuma, inayoitwa detekta. Ni ghali, na dhahabu ya vumbi ya mtoni ni ndogo mno kwake. Huku kwetu kuna hatari nyingine. Eneo la kusini mwa Lubero limepita katika mapigano makali, hasa mwaka 2024, M23 walipoiteka Kanyabayonga mwishoni mwa mwezi wa sita. Chuma kinacholia chini ya udongo kinaweza kuwa bomu ambalo halikulipuka. Anayekutana na kitu kama hicho, awe na detekta au koleo tu, asikiguse wala kukirushia jiwe. Aweke alama mbali nacho, arudi kwa njia aliyojia, na awajulishe viongozi wa kijiji.

Cha tatu ni pampu ya injini. Inakula mafuta hata siku ambayo hakuna dhahabu, na kwa mikono ya asiyejua inakata kingo za mto hadi zinaporomoka. Kuchimba chini ya ukingo uliosimama kumewazika watu wengi katika machimbo ya mashariki mwa Kongo. Anayeanza achimbe kutoka juu kwenda chini, asiingie kamwe chini ya udongo unaoning'inia. Na wakati wa mvua, hata kama juu ya kichwa chake kuna jua, aangalie milima: maji yakibadilika rangi ghafla, atoke mtoni bila kungoja.

Mizani ni kifaa, deni ni mtego

Kuna kifaa ambacho wengi hawakihesabu: mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma hadi gramu 0.01. Machimboni dhahabu bado inapimwa kwa vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani. Kijiti kimoja hakilingani na kingine, na tofauti siku zote inaelekea upande mmoja. Bei ikiwa dola 100 kwa gramu, kosa la gramu 0.1 ni dola 10.

Mizani yenyewe inaweza kukaguliwa kwa sirinji ileile. Mililita 5 za maji safi zina uzito wa gramu 5. Chombo kitupu kiwekwe juu, mizani irudishwe kwenye sifuri, kisha maji yamwagwe ndani. Ikisoma gramu 4.6, mwenye mizani amejua. Anaweza kuomba hesabu hiyo kwa heshima hata mbele ya mizani ya mnunuzi.

Lazima ajue pia kwamba dhahabu ya mtoni si safi kabisa. Ina fedha na madini mengine ndani yake, na mnunuzi wa kijijini anatoa gharama ya njia na faida yake. Kwa hiyo bei inayosikika redioni haitakuwa bei ya Luofu. Kuuliza wanunuzi wawili au watatu kabla ya kufungua chupa ni haki ya muuzaji.

Mkopo ndio unaoiondoa haki hiyo. Katika machimbo mengi, mnunuzi au PDG wa shimo anatoa chakula na vifaa mwanzoni, kwa sharti kwamba dhahabu yote itauzwa kwake, kwa bei atakayoitaja yeye. Kwa wenye kikundi chenye uzoefu na mahali palipojulikana, mpango huo unaweza kusaidia. Kwa anayeanza, ambaye hajui hata kama kijito chake kina dhahabu, ni kuweka rehani jasho ambalo halijatoka. Karai na bidoni vinaweza kununuliwa kwa pesa ya gunia la viazi. Pampu haiwezi.

Kadi kabla ya koleo

Sheria ya madini ya Kongo, ile ya 2002 iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018, inaruhusu uchimbaji wa mikono kwa Mkongomani aliyefikisha umri wa utu uzima, mwenye kadi ya mchimbaji na aliye ndani ya koperative iliyotambuliwa. Kazi ifanyike katika eneo lililotengwa kwa uchimbaji mdogo. Kadi ni ya mwaka 1 na inafanywa upya. Idara ya Madini ya jimbo ndiyo ya kuulizwa, na SAEMAPE ni ofisi ya serikali yenye kazi ya kuwasindikiza na kuwafundisha wachimbaji wadogo. Watoto hawana nafasi mtoni, hata kama ni kubeba bidoni tu.

Kuna pia mahali pa kuacha kabisa. Hifadhi ya Tayna, iliyotambuliwa na serikali mwaka 2006, iko katika milima na misitu ya magharibi mwa Lubero, nyumbani kwa gorila wa Grauer. Vijito vyake si vya kuoshea dhahabu, sawa na vile vya Hifadhi ya Virunga. Nje ya hifadhi, ardhi ina wenyewe: shefu wa kijiji na mwenye shamba waulizwe kabla ya shimo la kwanza, na shimo lizibwe kabla ya kuondoka.

Suala la usalama haliwezi kupitwa. Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 6 Mei 2021, na makundi yenye silaha yameendelea kuonekana katika njia za machimbo, pamoja na ADF upande wa magharibi mwa Beni na Lubero. Hakuna kifaa kinachomlinda mtu aliyekwenda peke yake. Wanaokwenda waende kwa kikundi, waache nyumbani habari za mahali na siku ya kurudi, na waulize hali ya njia asubuhi ileile.

Daftari linaamua

Kinachobaki ni daftari na kalamu. Kila siku iandikwe: mahali, nusu bidoni ngapi zimeoshwa, uzito wa dhahabu, pesa ya chakula na ya pikipiki. Tuseme mtu amepata gramu 0.05 kwa siku, na mnunuzi analipa dola 80 kwa gramu. Hiyo ni dola 4. Akitoa chakula na njia, huenda anabaki na dola 1, au hana kitu. Bila daftari, atakumbuka siku moja aliyopata gramu nzima na kusahau siku ishirini alizorudi mikono mitupu.

Baada ya siku 10 za kuandika, hesabu inasema yenyewe. Ikiwa kijito kinalipa kuliko kibarua cha shamba, ndipo afikirie sanduku, na kwa pesa iliyotoka katika mto huo, si kwa mkopo. Ikiwa hakilipi, amepoteza siku 10 na bei ya karai. Koleo itarudi shambani, bidoni zitachota maji, na hakuna atakayekuja mlangoni kudai.